Mabawa Mawili au Manne

Enung alijua kuna jambo pale mumewe alipoweka mkebe wake wa chakula mezani na ukalia kama umejaa kokoto.

"Umerudi na nini, Baba Wiwin?"

"Kazi."

"Kazi siku hizi inabebwa kwenye mkebe wa wali?"

Engkos alipapasa kiti kwanza, kama alivyozoea tangu mwezi wa mfungo, ndipo akakaa. Akafungua mkebe, akatoa vichupa kimoja kimoja na kuvipanga kwenye kitambaa cha plastiki, katikati ya rundo la vitunguu vidogo vyekundu ambavyo mkewe alikuwa akivimenya. Vilikuwa kumi na viwili. Ndani ya kila kimoja, kwenye spiriti, walikuwamo wadudu waliorundikana kama takataka za mfagio: miguu, mabawa, matumbo, vichwa.

"Toa hivyo vitu vyako kwenye vitunguu vyangu," Enung akasema. "Hivi vya kukaanga. Watu wanakula."

"Nung, kaa kidogo."

Alipomwita kwa jina lake la usichana, Enung aliweka kisu chini.

Kwa miaka ishirini na tisa Engkos Sukarya alikuwa mchambuzi wa wadudu katika kituo cha utafiti kilichokuwa ng'ambo ya barabara, pembeni mwa mji wa Bogor. Vyandarua vya kutegea huwekwa milimani, wadudu wa kila namna huingia, humiminwa kwenye spiriti, huletwa mjini. Kabla msomi yeyote hajaanza kutafuta jina la mdudu wake, lazima mtu akae na hadubini na kibano awatenge kwa yale makundi makubwa ambayo wasomi huyaita oda: nzi na mbu peke yao, nyuki na nyigu na sisimizi peke yao, mbawakawa peke yao, nondo na vipepeo peke yao. Mtu huyo alikuwa Engkos. Aliingia pale kufagia bustani, na cheti cha shule ya msingi mfukoni. Lakini wanafunzi wa shahada za juu walikuwa wakipanga foleni kwenye meza yake, kila mmoja na kisahani chake cha kioo mkononi, wakisema, "Mzee, naomba uniangalizie huyu," naye akiangalia mara moja tu.

Sasa jicho la kushoto lilikuwa limekwisha. Sukari ilikuwa imepasua mishipa midogo nyuma ya jicho, daktari alisema, na damu imevuja humo. La kulia lilikuwa limeanza kufuata nyayo. Kazini hakuwa amemwambia mtu.

"Leo nimeshindana na mdudu nusu saa nzima," alisema. "Mweusi, mdogo. Kila nikimfuata na kibano anahama. Nikadhani spiriti inatikisika. Kumbe hata kwenye kisahani hayumo." Akagusa jicho lake la kulia. "Yumo humu."

Enung alicheka kabla hajajizuia. Engkos naye akacheka. Mafuta yakaendelea kuunguruma jikoni peke yake.

"Mkataba unaandikwa upya mwisho wa mwezi," akasema. "Dokta Retna wa kituoni anataka vichupa sitini vya mlimani viwe vimechambuliwa kabla ya hapo. Nimefanya vinane. Na hivyo vinane sina hakika navyo."

"Sasa?"

"Sasa wewe utakuwa unaangalia, mimi nitakuwa nasema."

"Mimi! Mimi namjua mende na mbu, basi."

"Hujaambiwa umjue mtu. Umeambiwa uangalie."

*

Kazi hiyo waliifanyia pale pale mezani, baada ya sala ya alasiri, Enung akishamaliza kukaanga na kufunga vitunguu kwenye vifuko vya kuwauzia wauza tambi. Mvua ilikuwa ikinyesha saa hizo karibu kila siku, na hapakuwa na wa kubisha hodi. Engkos alikuwa na lenzi ya mkononi, yenye kishikio cha pembe, aliyopewa zamani na mgeni mmoja. Alimfundisha mkewe kuishikilia karibu na jicho na kukisogeza kisahani, si kuisogeza lenzi.

"Mabawa mangapi?"

"Mawili."

"Hesabu tena. Mengine yanajificha chini ya wenzake. Inua kwa ncha ya kibano, polepole."

Enung alizuia pumzi. "Manne. La nyuma ni dogo, limejishikiza kwa la mbele."

"Kiuno?"

"Chembamba. Kama kimefungwa uzi."

"Nyigu. Mtie kwenye kichupa cha tatu."

Mwingine alikuwa na mgongo mgumu unaong'aa, na mstari mmoja ulionyooka katikati. "Mbawakawa," alisema Engkos bila kusubiri. "Hapo ndipo maganda yake mawili yanapokutana. Mabawa ya kurukia yamekunjwa chini yake. Huyo hata mtoto wa chekechea anamjua."

"Na huyu je? Huyu naye ana ganda, lakini mistari imepishana, kama mtu aliyekunja mikono kifuani. Juu pagumu, ila kwenye ncha naona hadi chini yake."

"Mdomo uko wapi?"

"Hana mdomo."

"Hakuna asiye na mdomo, Nung. Mgeuze."

"Loo! Ni sindano. Imelala kifuani."

"Kunguni."

"Kunguni?" Enung aliachia kibano. "Kwenye meza yangu?"

"Si wa kitandani. Jamaa zake, wanaofyonza mimea. Endelea."

Siku ya kwanza walimaliza kichupa kimoja. Siku ya tatu vitatu. Enung alijikuta akilala na kuamka na hesabu za mabawa. Aliwatazama nzi waliotua kwenye beseni la vitunguu na kujua kwamba nyuma ya mabawa yao mawili kuna vijiti viwili vyenye vichwa kama vya kiberiti, na kwamba bila hivyo nzi hawezi kuruka akanyooka. Hakuwa na wa kumwambia. Mara moja alisema, "Huyu ni nyuki, ana mistari ya njano," Engkos akamkemea kama mwanafunzi.

"Usiniambie anafanana na nani. Niambie unaona nini."

"Basi mwalimu. Mabawa mawili. Vijiti viwili."

"Eeh. Nzi. Amevaa nguo za nyuki ili aogopwe."

"Mjanja."

"Mjanja sana," alisema Engkos, na Enung akaona kwamba mumewe alikuwa akitabasamu. Hakuwa amemwona hivyo tangu hospitali.

Jirani yao Entin ndiye aliyewaharibia. Aliingia kuazima mwiko, bila hodi, na kukuta kisahani kimejaa miguu na mabawa kando ya kapu la vitunguu.

"Dada Enung! Siku hizi mnakaanga nzi?"

"Ni mambo ya ofisini kwa Baba Wiwin."

"Haya. Mie sijasema kitu."

Alisema, tena kwa uchochoro mzima. Kesho yake muuza tambi wa kona alirudisha vifuko sita, akisema wateja wake siku hizi hawapendi vitunguu. Wa pili hakutoa hata sababu. Enung alivimwaga vitunguu vile kwenye mtungi wao wenyewe, na kwa wiki nzima wakala wali na vitunguu vya kukaanga, asubuhi na jioni. Wiwin, binti yao aliyekuwa akishona nguo kiwandani Bekasi, alipopiga simu kuuliza macho ya baba yanaendeleaje, Engkos alipokonya simu.

"Yanaendelea vizuri," alisema. "Mama yako ananitunza."

*

Vichupa sitini vilirudi kituoni siku tano kabla ya mwisho wa mwezi. Siku mbili baadaye Dokta Retna alituma ujumbe: Mzee Engkos afike saa tatu, kuna jambo dogo la kuangalia pamoja.

Enung alimsindikiza. Barabara ilikuwa na pikipiki nyingi mno kwa mtu aliyebakiwa na jicho moja, nalo bovu, na alitafuta kisingizio: akabeba kopo la vitunguu vya kukaanga kuwapelekea wafanyakazi. Kwenye chumba cha uchambuzi walikuta wanafunzi wawili, kijana na msichana, na bwana mmoja wa ofisi ya utumishi aitwaye Hilman, ambaye alisimama karibu na dirisha huku faili likiwa kwapani. Enung alipomwona huyo mwenye faili, alilikumbatia kopo kifuani.

Dokta Retna alikuwa mama wa miaka arobaini hivi, mwenye kilemba cha kijivu. Alipofika pale kwa mara ya kwanza akiwa mwanafunzi, ni Engkos aliyemwonyesha namna ya kushika kibano bila kukata miguu ya mdudu. Alimwamkia mzee kwa kuinama na kuugusisha mkono wa Engkos kwenye paji lake la uso, kama mtoto kwa mjomba.

"Mzee, kazi ya mwezi huu ni safi. Ni safi kuliko ya miezi mitatu iliyopita. Nashukuru. Ila kuna kimoja kimenishinda. Nisaidie."

Aliweka kisahani cheupe chini ya hadubini, akamvutia kiti.

Enung alikuwa amesimama mlangoni, hatua mbili tu. Kwenye weupe wa kisahani aliona kitu chekundu cha kahawia, chembamba, chenye mistari iliyonyooka, kilichojipinda kidogo pembeni. Hakuhitaji lenzi. Alikuwa amekifagia kila siku kwa miaka kumi na minane.

Akakohoa.

Engkos aliinama. Alizungusha gurudumu la hadubini mbele, akalirudisha nyuma. Enung akakohoa tena, kwa nguvu zaidi.

"Maji yapo pale, mama," alisema yule mwanafunzi wa kike kwa upole.

"Bawa," alisema Engkos. "Bawa tupu, mwenyewe kapotea."

Labda kimya chao ndicho kilichomtia wasiwasi, kwa sababu alianza kueleza kama alivyokuwa akieleza zamani, kwa sauti ya darasani. "Mnaona? Limekakamaa, kama ngozi. Mishipa imenyooka kutoka shinani hadi nchani. Hili halirukii, hili la kufunikia. Bawa la mbele la panzi, au wa kundi lake. Kichupa cha sita."

"Una hakika, Mzee?"

"Hakika, Dokta."

Yule kijana alicheka puani. Alijiziba mdomo haraka, lakini kicheko kilikuwa kimeshatoka. Dokta Retna alimgeukia, akamtazama hadi kijana akainamisha kichwa. Kisha akavuta kiti chake, akakaa magoti yake yakikaribiana na ya mzee.

"Mzee Engkos," alisema. "Hili ni ganda la kitunguu."

Engkos hakuinua kichwa kutoka kwenye hadubini. Aliendelea kuangalia humo, kwa muda mrefu, kama vile sasa alipoambiwa angeweza kuliona.

"Ganda la kitunguu," alirudia.

"Yamo kwenye vichupa vitatu. Na spiriti yenyewe inanuka mafuta."

"Sampuli zilitoka nje ya jengo?" aliuliza Hilman kutoka dirishani. "Hizo ni za msitu wa hifadhi. Zina kibali chake. Hazitoki."

"Ni mimi," alisema Enung.

Wote wakamgeukia. Kopo la vitunguu lilikuwa bado mikononi mwake, na alitamani angekuwa ameliacha nyumbani.

"Yeye haoni tena. Mimi naangalia, yeye anasema. Hayo maganda ni uchafu wangu, si wake."

"Mama Wiwin," alisema Engkos.

"Acha niseme. Wameshajua."

Dokta Retna alivua miwani yake. "Mama, vile vyote... umeviangalia wewe?"

"Vyote."

"Nimekagua wadudu elfu mbili na kitu. Waliokosewa ni kumi na mmoja." Alimgeukia Hilman, si kwa maneno makali, bali kama mtu anayeomba. "Kumi na mmoja. Wanafunzi wangu hawafiki hapo."

Maneno yakamtoka Enung kabla hajayapima. "Basi tuacheni tuendelee. Nitakaa naye hapa hapa, sitabeba kitu nyumbani. Nitaoga kabla ya kuja. Malipo yake yale yale, mtu mmoja, sisi tuko wawili."

"Mama ana cheti gani?" aliuliza Hilman.

"Cheti cha nini?"

"Sekondari? Diploma?"

"Nimesoma mpaka la sita."

Hilman hakuwa mtu mkorofi. Alifungua faili, akalifunga. "Dokta unajua mwenyewe. Siku hizi tunajaza kwenye kompyuta. Pasipo na namba ya cheti haisogei mbele, jina haliingii. Hata mzee mwenyewe aliingia kwa ule utaratibu wa zamani."

"Najua," alisema Dokta Retna. Akaitazama meza. "Mzee, ingekuwa juu yangu..."

"Si juu yako, Dokta," alisema Engkos haraka. "Si juu yako kabisa. Usiumie."

Enung aliona bora mumewe angepiga kelele. Kumwona akimbembeleza mtu aliyekuwa akimfukuza kulimuuma kuliko kile kicheko cha kijana.

Engkos alisimama. Alipapasa ukingo wa meza, akaufuata hadi mwisho, kisha akasita. "Hao kumi na mmoja. Walikuwa akina nani?"

"Mzee?"

"Waliokosewa."

Dokta Retna alihesabu kwa vidole. "Wanane ni wale wadogo sana, wenye mabawa ya nywele kama kope. Mliwaweka na nzi. Watatu ni wenye koleo mkiani, mliwaweka na mbawakawa."

Engkos alimgeukia mkewe, uso ukimkosa kidogo, ukielekea kwenye fremu ya mlango. "Wa koleo nilikuuliza. Ukasema mkiani hamna kitu."

"Zilikuwa zimekatika, Baba Wiwin. Sikuziona."

"Aa," alisema Engkos. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeridhishwa na jibu. "Zikikatika, hata mimi ningekosea."

*

Hospitali iliwapa tarehe ya kuchomwa jicho kwa mwanga wa leza, miezi mitatu mbele, kwa sababu mashine ilikuwa moja na wenye kadi za bima ya serikali walikuwa wengi. Daktari kijana aliwaambia bila kuwaficha: mwanga ule hurudisha nyuma ugonjwa, haurudishi macho. Kilichokwenda kimekwenda. Na sukari ikiendelea hivi, hata miezi mitatu ni mingi.

"Nisiposoma wala kuangalia kitu kidogo," aliuliza Engkos, "nikaliachia lipumzike, litadumu?"

"Haitegemei hilo, mzee."

"Hata nikilifunga na kitambaa?"

"Hata ukilifunga."

Nyumbani alikaa kwenye kiti cha baraza, mikono juu ya magoti. Enung alimpa vitunguu amenye, akidhani kazi ya vidole itamfaa, lakini Engkos alikuwa akivimenya hadi ndani, ganda juu ya ganda, mpaka hakibaki kitu. Enung hakumkataza. Alinunua vitunguu zaidi, ingawa wanunuzi wake walikuwa wamebaki wanne. Alikwenda mara mbili kituoni kuomba kuonana na Dokta Retna. Mara ya kwanza dokta alikuwa milimani. Mara ya pili mlinzi, aliyemjua Enung tangu utoto wao, alimwambia bila kumtazama kwamba ameagizwa asiwapitishe watu wasio na shughuli.

Barua ililetwa asubuhi ya siku ya kumi na tisa tangu waitwe kituoni, na yule kijana aliyecheka. Alivua viatu uchochoroni ingawa hakuingia ndani, akaitoa kwa mikono miwili, akasema, "Samahani, mama," na kuondoka karibu akikimbia.

"Nani huyo?" aliuliza Engkos.

"Wa kituoni. Kaleta barua."

"Soma."

Enung aliifungua. Ilikuwa na mistari sita. Ilisema kwamba mkataba wa mtajwa hapo juu haukuandikwa upya kutokana na kukiuka taratibu za utunzaji wa sampuli. Ilisema kwamba kwa kuwa alikuwa wa mkataba, hakuna kiinua mgongo kinachostahili. Ilisema kwamba kuanzia tarehe hiyo haruhusiwi kuingia chumba cha uchambuzi bila kibali cha maandishi. Chini palikuwa na mhuri, na sahihi ya mtu wasiyemjua.

"Mbona umenyamaza? Soma kwa sauti."

Enung aliisogeza karatasi karibu na uso wake.

"'Kwa Bwana Engkos Sukarya,'" alianza. "'Tunasikitika kukuarifu kwamba mkataba wako umefikia mwisho. Kituo kinakushukuru kwa kazi ya uaminifu uliyoifanya kwa miaka ishirini na tisa. Wengi wamejifunza kutoka kwako. Tunakuombea afya njema.'"

Engkos alikuwa ameinua kidevu. Uchochoroni mtoto wa Entin alikuwa akiburuza baiskeli yenye mnyororo uliotoka. Engkos alingoja mpaka kelele hiyo ipite.

"Wameandika hivyo?"

"Wameandika."

"Rudia hapo pa mwisho. Pale wanaposhukuru."

Enung aliitazama karatasi. Hapakuwa na kitu cha kumsaidia. "'Kituo kinakushukuru kwa kazi nzuri... uliyotufanyia kwa miaka yote ishirini na tisa. Watu wengi umewafundisha.'"

Mumewe alikuwa na kitunguu mkononi, akikizungusha kwa vidole.

"Mara ya kwanza ulisema uaminifu," alisema.

"Uaminifu. Ndiyo. Nimeruka neno."

"Umeruka neno."

"Maandishi ni madogo, Baba Wiwin."

Engkos aliweka kitunguu chini, akanyoosha mkono. Enung akampa karatasi. Aliishika kwa ncha za vidole, akaipitishia kidole gumba kutoka juu hadi chini, polepole, akarudia upande wa nyuma, ambako hapakuwa na kitu.

"Ni moja tu?"

"Ni moja."

Akaikunja mwenyewe, kona kwa kona, akiisawazisha kwenye goti lake, na kumrudishia.

"Iweke kabatini, chini kabisa ya nguo," alisema. "Wiwin akija sikukuu, asiisome."